Mstari wa Tarehe 17 Septemba

Padri, majirani wa Rugerero, wafanyakazi wa afya wa wilaya yetu ya Rubavu, na ninyi ndugu wa Goma mliopanga foleni mpakani, Petite Barrière, tangu alfajiri ili mtukute kabla jeneza halijafungwa, familia inawashukuru kwa kuja, na inawasomea maisha ya dada yetu kwa Kiswahili, lugha aliyokua akiisikia uani, ingawa wazee wetu watayapata tena kwa Kinyarwanda kaburini. Anayesoma ni mdogo wake, Gatete.

Marehemu Mukabera Consolata alizaliwa tarehe 3 Aprili 1967 huko Birere, mjini Goma, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu mzee Nsengiyumva Faustin, fundi cherehani, na mama Nyirahabimana Anastasie, ambaye ameketi hapa mbele. Alisoma shule ya msingi mjini humo kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, akaendelea na masomo ya uuguzi, akapata diploma Julai 1987, akiwa wa pili darasani, na hadi mwaka huu alikuwa bado anasema kwamba yule wa kwanza alibebwa na walimu.

Alifanya kazi katika zahanati moja ya Goma mpaka Novemba 1994, familia iliporudi Rwanda, na tarehe 6 Machi 1995 aliajiriwa katika kituo cha afya upande wa Bugeshi, ambako alikaa miaka kumi na sita, akipanda huko kila asubuhi amejifunga vitenge viwili kwa sababu ya baridi. Tarehe 20 Julai 1996 alifunga ndoa na mwalimu Habineza Théogène, ambaye alijuana naye siku mwalimu huyo alipoletwa kituoni akiugua malaria akakataa sindano, wakajaliwa watoto watatu, Aimable mwaka 1997, Akaliza mwaka 1999, na Shyaka mwaka 2004.

Hapa ndipo familia ilipogawanyika. Jumatano jioni, tulipokaa kupanga historia hii, wengi walitaka tutoke kwenye ndoa yake twende moja kwa moja mwaka 2011, alipoanza kufundisha, kwa kuwa ya katikati hayafai kusikika mbele ya jeneza, na mjomba wetu alisema wazi kwamba yatamvunjia heshima. Lakini mwezi wa tano, akiwa kitandani hospitalini, marehemu alimwita mdogo wake huyu anayewasomea, akamwagiza kwamba mstari wa tarehe 17 Septemba 2009 usomwe siku ya kumzika, na mdogo wake alipokataa, maana ni nani anayetaka kumzika dada yake pamoja na kosa lake, marehemu alimwambia: "Ukiacha ile, donc na we utakuwa umeandika tu ile wakubwa walisema."

Maana ya maneno hayo ni hii. Alhamisi hiyo ya tarehe 17 Septemba 2009, aliletewa kituoni msichana wa miaka saba, ambaye jina lake halitatajwa hapa wala popote, ameungua mikono yote miwili, na mwanamke aliyekuwa akimlea, ambaye aliimba na Consolata katika kwaya ya parokia, alieleza huku analia kwamba mtoto alivuta sufuria ya uji ikamwagika. Consolata aliona kwamba uso na kifua havikuguswa na tone, na kwamba kuungua kuliishia juu kidogo ya vifundo vya mikono, mkono huu na huu, pamekatika sawasawa, jambo ambalo uji unaomwagika haulifanyi. Aliliona, na alikiri hadi mwisho kwamba aliliona. Lakini kwa desturi yetu aliyemleta mtoto ndiye anayeongea, na mtoto mwenye adabu hunyamaza mkubwa akizungumza, kwa hiyo alimuuliza rafiki yake, akapata jibu, akaandika katika rejesta: ajali, uji wa moto, mtoto mtundu. Akamfunga bendeji, akampongeza mwenzake kwa kuwahi, akawasindikiza hadi getini.

Siku kumi na sita baadaye, Jumamosi tarehe 3 Oktoba, mtoto yuleyule alirudishwa amebebwa, mguu umevunjika na mbavu mbili pia, na Consolata, akiwa peke yake naye wodini, alimuuliza kwa nini siku ile hakusema. Mtoto akamjibu: "We haukuniuliza mi. Uliuliza ye."

Siku hiyohiyo aliandika taarifa mbili, moja ya polisi, nyingine ya mkuu wa kituo, na katika zote mbili alinakili mstari wake wa Septemba bila kuusafisha, na mwaka 2010 alisimama mahakamani kama shahidi, akaulizwa kwa nini hakutoa taarifa mapema, akajibu kwamba alimheshimu mkubwa kuliko mtoto. Mwanamke yule alifungwa. Kwaya ilimwomba Consolata apumzike kidogo, na wapo waliohama benchi kanisani ili wasikae karibu na mtu aliyemkabidhi rafiki yake kwa polisi, na baadhi yenu mko hapa leo, karibuni sana.

Kuanzia Februari 2011 hadi Desemba 2022 alifundisha wauguzi, madaktari, wakunga, wahudumu wa afya wa vijiji, hata wanaopokea wagonjwa dirishani, namna ya kumpokea mtoto anayeshukiwa kutendewa ukatili, na kila mafunzo aliyaanza kwa kuuandika ubaoni mstari ule wa rejesta na kusema ni wa kwake. Aliwafundisha kwamba muuguzi hawezi kumwambia mzazi atoke nje, mtaa mzima utajua, ila anaweza kumpeleka mtoto kwenye mizani nyuma ya pazia, wakati mkubwa anapeleka kadi ya mituweli, bima yetu ya afya, dirishani, na dakika hizo zinatosha. Kwamba mtoto aulizwe swali lililo wazi, asilishwe jibu. Kwamba maneno yake yaandikwe kwa lugha aliyoyasema, yasigeuzwe Kifaransa ili yapendeze. Kwamba asiahidiwe siri isiyoweza kutunzwa. Na kwamba kushuku kunatosha kutoa taarifa siku hiyohiyo, upelelezi una wenyewe. Alipenda kuigiza yeye mwenyewe mlezi anayelia, na mara moja daktari mmoja kijana kutoka Kigali alimletea kiti, maji na leso, akamshika bega, na alipomaliza kumfariji, Consolata alifuta machozi yake ya uongo akamuuliza daktari huyo mtoto amekaa wapi, na wote wakageuka wakamwona muuguzi aliyeigiza mtoto bado amesimama mlangoni. Daktari huyo ndiye aliyemtibu miaka ya mwisho.

Ugonjwa wa figo uligunduliwa Januari 2023, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, hali ikabadilika Aprili mwaka huu, na Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa tatu asubuhi, alifariki hospitalini, mume wake akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Inatuuma, na hatutajifanya haituumi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Rugerero waliotupikia siku zote hizi, na wafanyakazi wenzake, ambao wangejua mara moja kama tungeuruka ule mstari.

Kuna mmoja wa mwisho, ambaye yuko kati yenu na ameomba asionyeshwe kwa kidole. Jana asubuhi, kabla familia haijakata shauri, mdogo wa marehemu alikwenda kwake, akamuuliza kama historia hii isomwe au iachwe, maana kwa miaka kumi na tano sisi sote tulibishana juu ya jambo lake na hakuna hata mmoja wa ukoo huu aliyewahi kumuuliza. Alijibu, na tumeyaandika maneno yake kama alivyoyatoa: "Musome yote. Na muandike kama mara ya pili aliniuliza mi, na aliandika vile nilisema."

Tumeandika, dada. Sasa pumzika kwa amani.