Jinai, Jini na Jerikani

Benchi langu la kahawa liko mtaa wa Hai Malakal, mkabala na duka la Dekow, na linatosha watu wanne wakikaa kwa adabu. Asubuhi hiyo walikuwa wawili tu. Lodu, dereva wa boda, tunamwita Jaji kwa sababu huamua kesi ambazo hakuna aliyemletea. Yangi tunamwita Nairobi. Alisoma Kenya enzi za ukimbizi na hakosi kukukumbusha. Dekow, Msomali wa Garissa tunayemwita Duka, alikuwa amevuka barabara kunywa kahawa yake ya tangawizi, amekaa kwenye jerikani kama kawaida. Kinachowakutanisha watatu hao ni Kiswahili, kila mtu na chake. Mimi nilikuwa nachochea makaa kwa mkono mmoja, mwingine umeshika fomu ya shule.

Bila fomu hiyo binti yangu Poni asingeruhusiwa kuingia darasani mchana. Shule yao imeweka somo la lazima kuhusu uhalifu wa chuki, na kila mzazi alitakiwa kuweka sahihi na kuandika mfano mmoja kutoka mtaani kwake. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, nikampa Yangi awasomee wenzake kwa Kiswahili. Mfano sikuwa nao, wala muda wa kuutafuta.

— Wanafunzi watafundishwa jinai za chuki, alisema Yangi.

Lodu aliweka kikombe chini.

— Majini? Shuleni?

— Jinai, Jaji. Si jini.

— Mimi iko nasikia vizuri. Jini ya chuki. Na inafundishwa mchana, watoto hata hapana kula.

Yangi alimweleza kwamba ni kosa, mtu kupigwa au kuchomewa nyumba kwa ajili ya kabila lake au dini yake, wala si kwa jambo alilofanya. Lodu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema hiyo ndiyo kazi yenyewe ya jini, kwani mtu mwenye akili zake hawezi kuchoma nyumba ya jirani anayemwazima chumvi.

Kutoka hapo mazungumzo yalitushinda. Lodu alisema jini hupenda viti vya nyuma, kwa hiyo watoto warefu waletwe mbele. Yangi, aliyeanza vizuri, naye akapotea. Alisema baada ya somo utakuja mtihani, baada ya mtihani cheti, na kijana asiye na cheti cha kutochukia hataoa, kwa kuwa wakwe watauliza mhuri kabla ya kuuliza ng'ombe. Lodu akaingiwa na wasiwasi juu ya shemeji yake, ambaye huchukia watu wote bila ubaguzi, hata ndugu zake wa tumbo moja. Yangi alimhakikishia kwamba mtu wa namna hiyo sheria haimgusi, tena atafaulu.

— Basi atakuwa namba moja, alisema Lodu kwa uchungu.

Niliwakumbusha kwamba nahitaji mfano, si shemeji, na jua linapanda. Lodu akamgeukia Dekow pale kwenye jerikani.

— Duka, nyinyi Waislamu ndio wenyewe. Hii jini inaitwa nani?

— Mimi nauza unga, Jaji. Jini wangu alikataa kupanda lori, akabaki Garissa.

Tulicheka. Dekow aliendelea kunywa kahawa yake.

Tukatafuta mfano. Yangi aliupata Kenya, Lodu akaipata mitatu Uganda na mingine ng'ambo ya mto. Hai Malakal hatukupata hata mmoja. Lodu akaamua niandike hakuna, maana sisi wa hapa ni watu wa amani, na nilikuwa nimeshaweka kalamu kwenye karatasi alipofika mwanamke nisiyemjua.

Aliitwa Harriet, Mganda, mhudumu wa hoteli kule mtaa wa Amarat. Boda aliyokuja nayo ilikuwa inazibwa pancha pembeni. Kabla hajaomba, Lodu na Yangi walisogea, Lodu akampangusia nafasi kwa mkono wa shati. Nilimpa kahawa na nikamweleza habari ya fomu. Alikunywa kidogo, akatutazama mmoja mmoja.

— Nyabo, mama, benchi iko na nafasi. Huyu mzee mbona anakaa kwa jerikani?

Yangi alitazama simu yake, ambayo ilikuwa imezimika tangu alipofika.

— Amezoea, alisema Lodu mwishowe.

— Nimezoea, alikubali Dekow bila hasira. Siku ya kwanza niliambiwa benchi limejaa. Nairobi alikuwa amekaa peke yake.

Hiyo ni miaka minne iliyopita. Aliyemwambia ni mimi, na jerikani ni yangu. Nilikuwa nimesikia mambo juu ya Wasomali, hata sikumbuki ni mambo gani.

— Hiyo si jinai, alisema Yangi polepole.

— Basi ni jini, alisema Lodu.

Niliandika: jerikani. Chini yake nikaweka sahihi na jina langu kamili, nikampa Lodu fomu aiwahishe shuleni. Dekow alihamia kwenye benchi karibu na Yangi, ambaye alisogea zaidi ya ilivyohitajika. Nami nikachukua jerikani nikaenda nayo bombani. Miaka minne nimekuwa nikilalamika nyumbani kwamba nimepungukiwa jerikani moja ya maji.