Nyongo Iliyokwisha Kutolewa

Basi la mjini Chongqing lilipokaribia handaki, binti aliyekaa mbele ya Bwana Qiu, fundi saa, alishika kifua akaanza kuhema. Mama aliyekaa naye, mgeni kwake, kapakata kikapu kitupu cha soko, akamshika mkono na kumwekea vidole vitatu penye mshipa. Bwana Qiu akainua gazeti ili asikilize vizuri.

“Moyo huo, mwanangu?”

“Hospitali wamepima, mama, moyo mzima. Eti wasiwasi tu. Lakini kila nikiingia handakini naona nakufa.”

“Wasiwasi nao una kwao. Ujasiri wa mtu unakaa kwenye nyongo, na yako naisikia hapa, imelegea kama uzi uliolowa.”

“Nyongo nilitolewa mwaka juzi, mama. Ilikuwa na mawe.”

Bwana Qiu aliona ubishi umekwisha. Hakumjua mama yule.

“Si ndiyo hiyo sasa! Wamekung’oa ujasiri, halafu wanashangaa unaogopa!”

“Sasa umeisikiaje, na haipo?”

“Pengo lake pia lina mapigo. Chemsha kokwa za kunazi, unywe kila jioni.”

“Kokwa zitamtibu nani, mama, ile ndoo ya hospitali walimoitupa?”

Taa za handaki zikamulika gazeti la Bwana Qiu moja baada ya nyingine, kisha jua likarudi. Wale wawili walikuwa bado kwenye kokwa.

Basi liliposimama, mama akachungulia nje, vidole vingali mshipani. “Dereva, soko tumelipita?”

“Zamani, mama. Kabla ya handaki.”

Binti akageuka. “Handaki gani?”