Ndoo za Kijani za Mwalimu Bernadetta Kokugonza (1951–1999)

Mwalimu Bernadetta Kokugonza, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 14 Septemba 1951 huko Kamachumu, Kagera, mtoto wa tatu wa Mzee Longino Rwehumbiza na Ma Wilhelmina. Tangu utotoni hakujua kutulia. Mama yake anasimulia kwamba hata kanisani alikaa kana kwamba benchi linamwunguza, na padri alimpa kazi ya kupiga kengele ili wengine wasali kwa utulivu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960, akahitimu kidato cha sita mwaka 1972, na baada ya Jeshi la Kujenga Taifa akasomea ualimu Butimba, 1974 hadi 1975. Alifundisha Geita miaka kumi na miwili. Mwaka 1988 alihamia Sekondari ya Nyabulima, nje kidogo ya Igoma, akiwa mwalimu wa hisabati na mlezi wa bweni la wasichana.

Tarehe 5 Novemba 1977 alifunga ndoa na Bwana Ngosha Chenge, fundi mitambo. Mwaka 1994 Bwana Ngosha alipunguzwa kazi katika kiwanda kimoja cha pamba Nyakato. Alirudi nyumbani na barua, pamoja na madebe sita ya rangi ya kijani badala ya sehemu ya haki zake. Madebe hayo yalikaa uani, na ndiyo yaliyoleta mambo.

Miaka ile mabinti wengi walifika Nyabulima na barua ya kuitwa tu, bila ndoo, bila godoro. Bila ndoo hukupokelewa bwenini, maana maji yalichotwa bombani. Mwalimu alikusanya ndoo zilizoachwa na waliomaliza, akawapa wasio nazo. Zikawa zinapotea. Basi akachukua rangi ya mumewe akazichora mstari, zijulikane. Wahenga walisema tenda wema uende zako. Yeye alitenda wema, kisha akaupaka rangi.

Machi 1996, Dorotea Maige wa kidato cha pili aliacha ndoo yake mlangoni kwa Mwalimu, imesuguliwa vizuri na kujazwa maji, akaondoka. Mwalimu hakulala vizuri tangu siku hiyo. Aliuliza Igoma, akauliza Nyakato, chai ikipoa mezani nyumbani, watoto wakijipikia. Wiki ya tatu alimkuta ufukweni Igombe akikausha mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Chukua kitenge chako, twende.”

“Siendi, mwalimu. Pale bombani walijua mimi ni maskini kabla sijafungua maji.”

Mwalimu alirudi peke yake. Aliona aibu, na aibu hiyo hakuificha. Alimwambia mumewe, “Baba Pius, nimewatia watoto wa watu chapa kama ng'ombe.” Bwana Ngosha, aliyekulia kwenye zizi, alijibu kwamba ng'ombe naye hulia akitiwa chapa.

Jumamosi iliyofuata alibeba madebe yote hadi shuleni. Alipaka ndoo nzima nzima, siyo mstari: za waliopewa, za mabinti wa wafanyabiashara, za jikoni kwake mwenyewe. Mkuu wa shule, Mwalimu Venant, alilalamika kwamba shule inageuka gereji. Jioni alileta ya kwake. Kisha Mwalimu akarudi Igombe, akamwomba Dorotea aje mara moja tu, aoneshe ndoo yake ni ipi. Dorotea alisimama bombani akatazama safu yote, akashindwa kuitambua. Alibaki, na Novemba iliyopita alimaliza kidato cha nne.

Mwalimu alianza kuugua figo Agosti 1998. Alilazwa mara tatu, na mara mbili wauguzi walimkuta ameshavaa viatu. Januari, akiwa hawezi tena kusimama, alimtuma mumewe Nyabulima akaangalie nani amefika mikono mitupu, na akirudi bila majina alirudishwa. Tulimsihi apumzike. Alisema atapumzika wakishapata wote. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Machi 1999, alfajiri, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume, Bwana Ngosha. Watoto watatu, Pius, Rose na Elias. Mama yake mzazi, Ma Wilhelmina. Ndugu sita, na mabinti wa Nyabulima ambao hatutawataja, kwa sababu yeye mwenyewe hakutaka wajulikane.

Mmoja ameomba atajwe. Baada ya maziko tutanawa mikono pale getini. Ndoo ni ya kijani, na atakayetumiminia maji ni Dorotea. Amesema leo anataka watu wote wajue ndoo ile ni ya nani.

Mwalimu, wote wamepata. Sasa pumzika, hata kama hujazoea.