Ukali wa Mwalimu Hilaria, Ambao Sijauelewa Hadi Leo

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Kiingereza, kwanza Mkata na kisha hapa Korogwe, Mwalimu Hilaria Semboja anastaafu tarehe 30 Juni. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Filemoni Mhina, kazi ya kumwandika. Sijui walinichagulia nini, maana mama huyu mpaka leo ananichanganya.

Ni mzaliwa wa Lushoto, akaolewa na kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, kule Kang'ata. Kwa hiyo ni shemeji yangu, na shemeji ni mtani. Kwenye harusi yangu alimwambia mshereheshaji kwamba Kiingereza chake kimetembea kwa miguu kutoka Handeni na kimefika kimechoka. Watu walicheka hadi pilau likapoa. Bwana harusi sikujua nicheke au nimtetee mtu niliyemleta mwenyewe.

Wanafunzi wake wote wanakumbuka neno moja: scathing. Alilifundisha kila mwaka kwa raha ya ajabu. Aliyeandika kwamba pilipili au jua la Mkata ni scathing alifutiwa. Neno hilo, alisema, ni la lawama: la hotuba, la taarifa, la uhakiki wa kitabu. Tena ukali peke yake hautoshi, lazima dharau iwemo. Mkaguzi akisema paa linavuja vibaya, huo ni ukali tu. Akisema aliyeliezeka hajawahi kuona mvua, hapo neno limepata mahali pake.

Mwezi uliopita alikaa nyuma ya darasa langu. Mimi ndiye ninayerithi Kidato chake cha Nne, basi nilijiandaa kama mtu anayekwenda kuposa. Baadaye, mbele ya walimu wote, alisema wanafunzi walitulia vizuri wakinitazama nikijisikiliza. Ofisi nzima ikacheka, nami nikacheka, si shemeji? Yeye hakucheka.

Nilirudi nyumbani kichwa kinazunguka. Kwa kipimo chake mwenyewe, dharau ilikuwemo. Kesho yake mkuu wetu wa shule, Mama Emiliana, akaniambia aliyependekeza nipewe darasa lile ni Hilaria huyo huyo. Hapo ndipo nilipopotea kabisa, nikaanza kutafuta maneno ya kulikataa.

Nilimfuata kwake Kilole, nikamkuta anachambua mchicha. Nikamuuliza waziwazi kama ananidharau.

"Shemeji, ningekudharau ningekusifu," alisema, akanisogezea fungu nichambue.

Sasa nawaza miaka yote niliyocheka. Lipi lilikuwa utani na lipi lilikuwa kazi, sijui, na mke wangu naye hajui. Ninachojua ni kwamba darasa nimelichukua.

Mwalimu Hilaria, asante kwa kutuona tunafaa kusemwa. Tunakuombea afya, mvua za kutosha shambani Kang'ata, na wajukuu wanaojibu kwa sentensi kamili. Ukipita karibu na shule, ingia darasani kwangu ukae. Nakuomba tu, shemeji, usinisifu.