Aliyesema Yake Isiandikwe

Wapendwa waombolezaji, wachungaji, wazee wetu, majirani wa Boito na ninyi mliopanda kutoka Mogogosiek na Soin kwenye ukungu huu, poleni kwa matope na poleni kwa msiba. Anayewasomea ni Robert, mdogo wake Jonah mume wa marehemu, naye anasoma tu, hakuandika. Inajulikana kwamba wengi wenu hamngoji mwanzo wa historia hii, mnangoja mwisho, kwa sababu kikundi cha marehemu kina desturi ya kutaja jina la mwandishi katika mstari wa mwisho, na tangu asubuhi watu wananong'onezana chini ya hema hili wakiuliza ni nani amethubutu. Jina litakuja, lakini Chepkurui atangulie.

Edinah Chepkurui alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 hapa hapa Boito, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Kipruto arap Maritim na marehemu Mama Tapsiargaa, siku ambayo mvua ya mawe ilipiga mabati na kukatakata majani ya chai kijiji kizima, na mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto aliyepokewa na kelele namna hiyo hawezi kutishwa na kitu tena. Alimaliza darasa la nane mwaka 1985, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1989, akipenda insha na kuchukia hesabu, jambo la kuchekesha kwa mtu ambaye baadaye alilishwa na kilo.

Mwezi wa Machi 1991 aliajiriwa kuwa karani wa kituo chetu cha kununulia majani chai, na hapo alibaki mpaka alipostaafu mwaka 2021. Mnamjua alivyokuwa, mkali kwa majani makavu, mkali zaidi kwa mtu anayelowesha majani ili uzito upande, lakini nyumba ikikosa kuleta majani siku mbili mfululizo, jioni mngemkuta langoni amevaa gambuti zake, anauliza kama mko salama, na haondoki mpaka ajibiwe ukweli.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na Jonah Kiplimo katika kanisa letu hapa Boito, wakajaliwa watoto watatu, Chelangat aliyezaliwa mwaka 1994, Vinny aliyezaliwa mwaka 1997, na Kipruto aliyezaliwa mwaka 2001.

Vinny alifariki tarehe 9 Septemba 2016 kwa homa ya uti wa mgongo, akiwa na miaka kumi na tisa, na hapa lazima jambo lisemwe hata kama linauma. Familia ilikuwa imechoka, kazi ya kuandaa programu ya mazishi ikapewa kijana wa saiba, duka la kompyuta, naye akachukua programu ya marehemu mwingine, akabadilisha picha na jina, mengine akayaacha, ikasomwa mbele ya watu wote kwamba Vinny, ambaye hata ndevu hazijaota vizuri, ameacha mjane na wajukuu wanne, na kuna waliocheka. Mama yake hakulia siku hiyo. Jioni alimwambia mumewe, "Mtoto wangu amezikwa na maisha ya mtu mwingine," kisha akanyamaza wiki nzima, na Jonah anasema kimya kile kilimtisha kuliko kaburi lenyewe.

Kilichotoka katika kimya kile ndicho mnachokijua. Januari 2017 aliwaita watu waliopenda kuandika, wa kwanza wakiwa Kepher Oketch, aliyefanya kazi kiwandani na ambaye watu wake walitoka upande wa ziwa, Jentrix mkewe Kepher, na Dorcus Nyamoita, mwalimu wa chekechea, wakajiita Waandishi wa Alhamisi. Palipotokea msiba walienda kuketi na wafiwa, wakanywa chai nao, wakauliza marehemu alipenda chakula gani, aligombana na nani, alicheka vipi, ndipo wakaandika, na baada ya mazishi walimwita mfiwa kituoni siku ya Alhamisi, lori la majani likishaondoka, naye akapewa karatasi amwandikie mtu wake, halafu asome kwa sauti mbele ya watu ambao hawamwambii ajikaze. Wazee wa hapa, ambao hawajawahi kulia mbele ya mtu, walilia juu ya benchi la mizani. Na mwandishi alitajwa kwa jina mwisho wa kila historia ili hema likishang'olewa na wageni wakishatawanyika, mfiwa ajue ni mlango gani wa kubisha.

Halafu mambo yakaharibika. Mwezi wa Aprili 2023 Kepher aliandika historia ya mzee mmoja wa Mogogosiek, akatajwa mwisho kama kawaida, na mwezi wa Juni radi ikampiga akitoka zamu, akafa papo hapo. Dorcus aliandika historia ya Kepher, akatajwa, na mwezi wa Oktoba pikipiki aliyopanda iliteleza kwenye ukungu, naye hakufika hospitali. Jamani, mnakumbuka hali ilivyokuwa. Watu walianza kusema kwamba jina likitajwa mwisho wa historia, kifo kimeshasikia pa kwenda, wafiwa wakawa wanafunga mlango wakiona Waandishi wa Alhamisi wanakuja, wanachama wakapungua mmoja mmoja, na Jentrix, mjane wa Kepher, alirudisha kalamu akasema, "Mama Vinny, nisamehe, watoto wangu wamebaki na mzazi mmoja." Chepkurui hakumlaumu. Dorcus alikuwa amelala mochari bila mwandishi, basi Chepkurui akamwandikia mwenyewe, akatajwa, na kabla ya Krismasi kijiji chote kikajua kwamba hawezi kumeza.

Ilikuwa saratani ya koo. Alitibiwa mwaka mzima wa 2024, akapata nafuu, akazidiwa tena, akaanza kulishwa kwa mrija, na Februari mwaka huu aliwaita mumewe na watoto kitandani akawaambia, "Yangu msiandike. Nizikeni na nyimbo tu." Aliaga dunia tarehe 3 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake, Chelangat akiwa amemshika mkono. Familia ilikubali wosia ule, wanachama waliosalia walikubali haraka zaidi, na hakuna aliyemlaumu mwenzake, maana woga ni woga.

Lakini kuna jambo ambalo mtu mmoja tu alilijua. Mwezi wa Agosti 2023, Dorcus akiwa bado mzima anafundisha watoto kuimba, Chepkurui alikwenda kumtazama mjane wa Kepher, akaandaliwa ugali na mboga, tonge la kwanza likakwama, akalisukuma kwa maji, maji yakarudi, naye akajifuta machozi akasema chakula kimekuwa kikimkaba tangu Pasaka, asiambiwe mtu. Kwa hiyo alipoketi kumwandikia Dorcus alikuwa ameshajijua. Mjane yule alimkimbilia siku hiyo ya kuandika akamsihi aiache kalamu, na Chepkurui akamjibu, "Kama kweli kifo kinafuata jina, acha kinikute mimi. Mimi niko njiani tayari."

Aliandika ili kiishie kwake, na akakataa kuandikwa ili kisimpate mwingine. Huo ndio upendo aliotuachia, nao umetuweka pabaya, kwa sababu tungemtii tungemzika mwanamke huyu bila maisha yake, yeye aliyemzika mwanawe na maisha ya mtu mwingine. Kuhusu radi na ukungu, mwandishi wa historia hii hana jibu, na hajifanyi shujaa, anaogopa hata sasa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliomchumia chai yake miezi yote ile bila kuombwa, makarani na wapimaji wenzake wa kituoni, kwaya, na wote mliobeba maji na kuni. Ameacha mume wake Jonah, watoto wawili, na wajukuu watatu walio wake kweli.

Historia hii imeandikwa na Jentrix Ayoo, mjane wa Kepher Oketch, mama wa watoto watatu, anayekaa nyumba ya mwisho kabla ya daraja, mlango wa bluu. Alhamisi ijayo atakuwa kituoni, lori likishaondoka. Yeyote anayelia na aende akabishe.

Pumzika kwa amani, Mama Vinny, umezikwa na maisha yako mwenyewe.