Mama Peninah Wanjugu na Kondoo Wake Asiye na Bei

"Nairobi yote ichange pesa, Mombasa iongezee, hazitatosha kununua mkia wa kondoo wangu!"

Maneno hayo marehemu Mama Peninah Wanjugu aliyasema kanisani, hapa hapa Dundori, Jumapili ya mavuno, tarehe 8 Novemba 1959, akiwa amesimama mkono kiunoni mbele ya watu wote. Mzee Hiram ndiye aliyekuwa akinadi mazao. Mama Wanjugu alikuwa ameleta kabichi mbili. Mzee Hiram akaziinua, akazipima kwa macho, akauliza, "Kabichi tu, Wanjugu? Na yule anayekohoa nyumbani kwako, yeye hamjui Mungu?" Kanisa likacheka, ndipo akasimama. Alipomaliza aliketi, akafunga kitambaa chake upya, na kabichi akazinunua mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine aliyethubutu kutaja bei.

Mnyapara wetu, Bwana Kipketer, alikuwa benchi la nyuma. Katika shamba hili mfanyakazi haruhusiwi kufuga kondoo, na mnyapara akisikia habari ya kondoo ni lazima aipeleke kwa bwana mwenye shamba. Siku hiyo Bwana Kipketer alitazama dari mpaka mwisho. Dari letu halina cha kutazamwa. Familia inamshukuru.

Marehemu alizaliwa Kabete, wilaya ya Kiambu, karibu mwaka wa 1892. Cheti hakuna. Kipimo alichotupa ni kwamba wakati wa ile njaa kubwa alikuwa msichana wa kutosha kubeba mdogo wake mgongoni, na wa kutosha kukumbuka siku aliyomteremsha. Hakupenda kuulizwa zaidi ya hapo, nasi hatukuuliza.

Shule hakuiona kwa ndani. Mwaka wa 1931 aliingia darasa la ubatizo, akajifunza kusoma mpaka ukurasa aliohitaji, akafunga kitabu. Alibatizwa Krismasi ya 1932, akachagua jina la Peninah kwa sababu, alisema, kina Mariamu walikuwa wamejaa. Elimu aliiheshimu lakini hakuiogopa. Mjukuu wake mmoja, wa binti yake Rahab, aliporudi kutoka chuo cha ualimu na diploma iliyoishia katikati, alimtazama juu mpaka chini akamwambia, "Kitabu chako kimefika nusu kikachoka. Kondoo wangu atafika mwisho." Mjukuu huyo ndiye anayewasomea haya.

Aliolewa na marehemu Mzee Ephantus wa Gachanja mwaka wa 1911. Mwaka wa 1919 walipanda huku juu kutafuta malisho, wakawa maskwota, wenye kulipia kipande cha kulima kwa kazi, katika shamba hili, ambalo limebadilisha wazungu mara tatu na yeye akabaki. Walijaliwa watoto watano, wawili wakatangulia wakiwa wachanga. Mifugo walikuwa nao wengi, mpaka mwaka wa 1946 kilipopita kifagio. Wazee waliopo hawahitaji kuelezwa. Kwa vijana: hakikuwa kifagio cha nyumba, ilikuwa amri, na ilifagia mbuzi na kondoo wote wa maskwota kwa siku moja. Mzee Ephantus alisimama langoni akiwatazama wakienda, akarudi ndani, akaomba maji ya kunywa. Alifariki mwaka wa 1948. Daktari alisema ni moyo. Mama Wanjugu alisema daktari hakuwako siku ya kifagio.

Kazi yake ilikuwa kuchuma pareto, yale maua meupe ya dawa ya wadudu. Aliichuma tangu miche ya kwanza ilipopandwa katika shamba hili mpaka mwezi huu, na hakukubali kupewa kazi nyepesi ya wazee. Kiondo chake kilijaa kabla ya vya wasichana, kisha aliketi juu ya jiwe akawaambia, "Nyinyi mnachuma au mnaposa maua?"

Sasa tuje kwa kondoo, maana najua ndiye mnayemngoja.

Mwana wake wa kiume wa pekee, Mjomba Gachanja, alichukuliwa hapa na askari mwezi wa Aprili 1953 akapelekwa mbali. Mnajua ni wapi, na karani wa bwana tuko naye hapa mazishini, karibu sana, kwa hivyo tuseme mbali. Wiki hiyo hiyo Mama Wanjugu alishuka Kabazi akarudi na mwana-kondoo chini ya blanketi. Kwa wageni wetu wasiojua desturi: kondoo dume akifungiwa ndani ya nyumba ya mama, asitoke, asitembee, aletewe majani ya viazi vitamu mpaka mdomoni, hunenepa mpaka mkia unakuwa mzito kuliko kichwa. Sisi tunamwita ngoima. Hachinjwi hivi hivi. Huchinjiwa mtu au jambo. Huyu alikuwa wa Gachanja, siku atakayorudi.

Gachanja hakurudi. Kondoo wa kwanza alikufa kwa unene. Wa pili alipatikana na askari waliokuja kupekua, wakamla papo hapo, wakamwachia ngozi na maagizo. Mama Wanjugu akashuka tena Kabazi. Yule wa tatu ndiye huyu wetu.

Wakati mmoja Bwana Kipketer alipita mlangoni kwake jioni, akasimama.

"Mama mzee, nani anakohoa huko ndani?"

"Ni mimi."

"Lakini wewe uko hapa nje na mimi."

"Kifua changu ni kikubwa."

"Na hiki kifua kinasema mee?"

"Kipketer, mtoto wa watu, ngoja ufike miaka yangu. Wewe utabweka."

Bwana Kipketer alicheka mpaka akashika fito za ukuta. Tangu hapo alipopita alisema tu, "Mama, kifua chako kinaendeleaje?" naye alijibu, "Kinanenepa."

Mwezi wa Agosti mwaka huu Mjomba Gachanja alirudi, na kibali cha kufanya kazi mkononi. Watu walilia, waliimba, na mashoka yakaanza kupasua kuni bila kuagizwa. Mama Wanjugu alimshika mwanawe mkono akamwingiza ndani, akamwonyesha. Mjomba alitazama yule kondoo. Kisha akaomba kuketi.

Tumbo lake lilikuwa limeharibika huko mbali. Uji mwepesi ulikaa. Viazi vilivyopondwa bila chochote vilikaa. Kitu chenye mafuta kilipanda kilikotoka. Mganga wa zahanati alimwambia asiguse nyama ya mafuta kwa mwaka mzima, na kondoo mwenyewe alikuwa mafuta matupu, nyama ilikuwepo ya kushikilia mkia tu.

Tulifikiri mambo yameisha. Dada yake Gachanja, Mugure, akasema basi tumchinje, Gachanja anywe supu kidogo, sisi wengine tumsaidie. Mama Wanjugu akamgeukia.

"Kumsaidia? Kwani nyinyi mmetoka wapi hata mchinjiwe?"

"Tumetoka pareto, mama."

"Basi rudini pareto. Tumbo litapona. Mimi nitangoja. Nimengoja tumbo likiwa halina hata mwenyewe, nitashindwa kungoja likiwa hapa?"

Alisema anataka jambo moja tu kabla ya kulala: kumwona Gachanja akila mkia ule kwa macho yake. Hakusema asikie kwamba amekula. Alisema amwone.

Kwa hivyo Novemba yake ilikuwa hivi, na naiandika kama ilivyokuwa kwa sababu hakuna cha kuongeza. Aliamka kukiwa bado giza na ukungu umelala juu ya mapaa. Alipuliza moto. Alimfagilia kondoo, akabeba samadi kwa karai mpaka shimoni kabla macho ya watu hayajafunguka, ingawa macho hayo yote yalijua. Alipika uji, wake na wa Gachanja, wa Gachanja ukiwa mwepesi. Umande ukikauka aliingia pareto. Viazi vitamu havipendi baridi ya Dundori, kwa hivyo alivipanda chini bondeni, ng'ambo ya mto, na kila alasiri aliteremka na panga, akapanda na mzigo wa majani mgongoni, mvua ikiwepo au isiwepo. Novemba hii mvua ilikuwepo. Jioni alimlisha kondoo jani kwa jani, akimsema kama mkamwana mvivu: "Kula. Unafikiri umezaliwa upendeze?" Akisha kumlisha alimgeukia mwanawe.

"Tumbo?"

"Bado, mama."

"Haya."

Yalikuwa hayo tu. Kila jioni.

Alhamisi tarehe 19, aliuliza, "Tumbo?" na Mjomba Gachanja akasema, "Liko sawa."

Mama Wanjugu aliweka chini jani alilokuwa ameshika. "Umesemaje?"

"Liko sawa, mama. Jumapili tumchinje."

Mama yangu Rahab alikuwa pale. Anasema Nyanya hakuruka wala hakupiga vigelegele. Alisema, "Haya," kama siku zote, akaomba apewe ugoro.

Kesho yake, Ijumaa, mvua ilianza asubuhi na haikuacha. Rahab alimwambia asishuke, kondoo alikuwa na majani ya kutosha. Akajibu kwamba kondoo wa siku ya mwisho hapewi majani ya jana, mafuta huwa ya njano, na yeye hatamlisha mwanawe mafuta ya njano baada ya miaka yote hiyo. Akajifunika gunia. Mto ulikuwa umejaa, akangoja upande wa pili mpaka maji yapungue, ndani ya mvua ile, na mzigo mgongoni. Alifika nyumbani taa zikiwa zimewashwa. Majani yalikuwa mazuri sana. Kila mtu aliyeyaona alisema hivyo.

Jumamosi alitetemeka. Jumapili hakuweza kuamka. Ilikuwa homa ya mapafu. Bwana alitoa trekta apelekwe Nakuru, yeye akakataa. "Na kondoo atalishwa na nani, trekta?" Mzee Hiram akashauri tuchinje siku ile ile, hata akiwa kitandani atasikia harufu. Akafungua macho, akasema, "Harufu si kuona. Jumapili ijayo nitakuwa nimekaa."

Jumanne jioni, Mjomba Gachanja akiwa ameketi kando ya kitanda, alimuuliza kwa sauti ndogo, "Tumbo?"

"Liko sawa, mama."

"Jumapili."

"Jumapili."

Jumatano tarehe 25 Novemba 1959, asubuhi, kabla ya kengele ya kazi, Mama Peninah Wanjugu alifariki nyumbani kwake. Kondoo alikuwa akikohoa. Kikohozi kilikuwa kimoja tu, na ndivyo tulivyojua.

Mjomba Gachanja ametaka iandikwe, isomwe, na isisomwe upesi: tumbo halikuwa sawa. Halijawa sawa mpaka leo. Alisema liko sawa kwa sababu mama yake alikuwa amezeeka akimuuliza. Hakuna aliyemlaumu, na kama yuko, asubiri tumalize kuzika. Mvua ya Novemba haikuagizwa na mtu.

Wengi mmeuliza tangu Jumatano, kwa upole, mkitazama mlango wa nyumba yake. Mzee Hiram aliuliza bila upole: "Watu wametoka Kabazi na Subukia kuzika. Watakula nini?" Mjomba akasema, "Viazi." Mzee Hiram akasema, "Gachanja, kondoo yuko pale." Mjomba akasema, "Yuko pale kwa ajili yangu, na mimi siwezi. Aliyetaka kuniona hayuko. Mwondoeni." Mzee Hiram alivua kofia. Viazi viko tayari, mkimaliza hapa mkaribie.

Jana asubuhi kondoo alitolewa. Kutembea hakujua, kwa hivyo alibebwa kwa toroli, wanaume wawili wakisukuma na mmoja ameshika mkia. Bwana Kipketer ndiye aliyeshika mkia. Walipofika mlangoni yule kondoo alifunga macho. Jua halikuwepo, ulikuwa ukungu ule ule, lakini hata huo hakuwa amewahi kuuona. Wasichana walikuwa wakichuma, wakasimama mistarini na viondo vyao mpaka toroli likafika barabarani. Hakuna aliyesema neno la kuchekesha. Niliwasubiri.

Marehemu amewaacha mwana wake Gachanja, binti zake Rahab na Mugure, wakwe zake, wajukuu kumi na mmoja, akiwemo Wanjugu mdogo ambaye tangu Jumatano ameendelea kuleta majani, vitukuu wawili, majirani wa shamba lote, na Bwana Kipketer, ambaye ameomba atajwe miongoni mwa wafiwa, na familia imekubali.

Alale sasa, Mama Wanjugu. Hakuna wa kulishwa kesho.

Kondoo alinunuliwa na Bashir wa bucha, Nakuru mjini. Shilingi sitini na tano.