Mkono Usiosikia Moto

DADA: Haloo? Nani mwenzangu?

MPISHI: Mimi, dada. Shikamoo.

DADA: Marahaba. Mbona unanong'ona? Na namba hii ya nani?

MPISHI: Ya mlinzi wa hospitali. Yangu imebaki mezani kwa daktari. Nimejifungia chooni.

DADA: Chooni! Tumbo?

MPISHI: Mikono. Wananipima mikono. Bosi kasema bila karatasi ya daktari nisikanyage jikoni kwake.

DADA: Kwani mikono ina—

MPISHI: Haisikii moto.

[Mkwaruzo.]

DADA: Haloo? Haisikii nini?

MPISHI: Moto, dada! Moto, sindano, vyote. Mwaka sasa. Kama nimevaa glovu.

DADA: Na sisi tunakusifu! Mikono ya Chuma, anaipua sufuria bila kitambaa!

MPISHI: Ndiyo hivyo. Juzi ngozi imebaki kwenye kikaango, mimi nasimulia mpira. Bosi akaona.

DADA: Maskini mdogo wangu. Daktari anasemaje?

MPISHI: Kanibandika kibati kiganjani, kinapata joto pole pole. Ukisikia maumivu, bonyeza kitufe. Sasa mashine inalia "ti" kila joto likipanda. Nikawa nahesabu. "Ti" ya saba, nabonyeza, na uso naukunja.

DADA: Mjanja wee!

MPISHI: Mjanja gani? Mara ya tatu kazima joto, kaacha mlio peke yake. Nikabonyeza. Na yowe nikapiga.

DADA: [anacheka] Yowe! Kwa kibati baridi!

MPISHI: Usicheke bwana! Sasa analeta nyaya na sindano. Anasema mdomo hatauuliza tena, mishipa ya fahamu itajibu yenyewe. Dirisha hapa lina nondo, mlangoni kasimama nesi. Dada, nifanyeje?

DADA: Njia ya mwongo ni fupi, ndugu yangu. Hebu... ngoja. Mwaka mzima, umesema?

MPISHI: Eee.

DADA: Basi hata wiki tatu zilizopita.

MPISHI: Sikusikii vizuri, mtandao—

DADA: Usiusingizie mtandao! Siku mwanao alipoungua miguu kwenye beseni. Maji alichemsha mama. Aliyeyapima nani?

MPISHI: Haloo? Haloo?

DADA: Nakuuliza wewe!

MPISHI: Mimi. Nilitia kiganja, nikaona yako sawa.

DADA: Yarabi! Na mkeo kamfukuza mama! Analala sebuleni kwangu, mjukuu wake haruhusiwi kumgusa, na wewe umekaa kimya?

MPISHI: Nikisema, kazi imekwenda. Jikoni ndiko tunakokula, dada. Na mke wangu ataniangalia vipi? Kila asubuhi najiambia leo nasema. Naogopa. Naogopa kweli.

DADA: Mama yupo hapa. Simu iko sauti kubwa.

MPISHI: Dada, usi—

MAMA: Hujambo, mwanangu.

MPISHI: Shikamoo, mama. Nisamehe, mama, mimi—

MAMA: Marahaba. Nilikuona siku ile. Mvuke unapanda, na mkono wako umo ndani, umetulia tuli. Nilikimbia. Sikukuwahi.

MPISHI: Ulijua? Mbona ulikubali kutukanwa?

MAMA: Nilijua utasema mwenyewe. Nikangoja usiku ule. Nikangoja asubuhi. Nikafunga nguo zangu taratibu, nikakuangalia. Ukanibebea mzigo mpaka mlangoni.

[Mkwaruzo. Mlango unagongwa.]

MPISHI: Wananigongea.

MAMA: Leo nani anamwogesha mtoto?

MPISHI: Mama...

MAMA: Nani?

MPISHI: Mimi. Mwenzangu anachelewa kazini.

DADA: Mungu wangu!

MAMA: Fungua mlango, mwanangu. Wakutie hizo sindano.

MPISHI: Naja, nesi! Naja! Dada, mpigie wifi yako, mwambie leo amwogeshe yeye.

DADA: Akiniuliza kwa nini?

MPISHI: Mwambie nimechelewa. Mengine nitamwambia mwenyewe.

MAMA: Lini?

MPISHI: Mama, salio la watu linaisha, nita—

MAMA: Lini, mwanangu?

[Simu imekatika.]